Miaka Thelathini na Minane ya Kuwaandikia Wengine Anwani

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Bwana Thangavelu Rengasamy, fundi mkuu wa vibao vya barabara katika Halmashauri ya Manispaa ya Tebing Jati, alifunga karakana yake, akakabidhi funguo, akasaini daftari na kustaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Halmashauri, kwa ukarimu wake unaojulikana, ilimzawadia saa ya ukutani yenye nembo yetu na keki iliyoandikwa jina lake kwa makosa. Yeye ambaye hajawahi kukosea herufi moja kwenye kibao aliitazama ile keki, akatabasamu, akakata kipande cha kwanza palepale penye kosa.

Mhariri wa jarida letu amenipa kazi ya kuandika wasifu huu pamoja na masharti matatu: ucheshi uwepo, mafanikio yawepo, malalamiko yasiwepo. Mimi ni Zawiyah Mat Diah, karani wa Kitengo cha Utekelezaji. Ofisi yangu na karakana ya Thangavelu, ambaye sote tunamwita Velu, zinatenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao, na kwa miaka kumi na tisa tumechangia birika moja la chai. Masharti mawili ya kwanza nitayatimiza kwa moyo mkunjufu.

Kwanza mafanikio. Velu ametengeneza na kusimamisha vibao elfu moja mia moja arobaini na sita. Kila mtu anayeishi mji huu akiulizwa anaishi wapi, anajibu kwa jina ambalo Velu aliliandika na kulifunga kwenye nguzo. Kila mtu isipokuwa Velu mwenyewe. Njia anayoishi yeye haikuwa na jina wala kibao, na haimo kwenye ramani, na kwa miaka ishirini na sita aliiomba Halmashauri hii, mwajiri wake, iipe jina. Nitayasimulia mengine yote kama nilivyoagizwa, lakini msomaji ajue mapema kwamba katika utumishi wake wote mtu huyu alituomba kitu hicho kimoja tu.

Velu alizaliwa hapahapa mwaka 1965, wakati hapa palikuwa shamba la miti ya mpira la Dunmarrow. Kijitabu chetu cha wageni kinasema kwamba Tebing Jati ilianzishwa mwaka 1980 juu ya ardhi tupu. Ardhi hiyo tupu ilikuwa na miti elfu themanini, shule, hekalu, kiwanda cha kukausha utomvu na watu mia nne. Mmoja wao alikuwa mama yake Velu, Pakiam, aliyeanza kugema mipira akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ambaye jioni, kisu cha kugemea kikishawekwa chini, alikuwa mkunga wa shamba zima. Shamba lilipouzwa kwa kampuni ya kujenga nyumba, wagema waliambiwa wakae kwa muda kwenye safu moja ya vyumba ishirini na viwili, wakisubiri nyumba mpya. Muda huo sasa umefika miaka arobaini na mitano. Safu ile ipo bado, imebanwa kati ya mfereji mkubwa na mgongo wa jengo la maduka, na kwenye ramani zetu pameandikwa “akiba ya mfereji”.

Velu aliajiriwa tarehe mosi Machi 1987, kushika ngazi. Fundi wa wakati huo, mzee mmoja wa Kichina mwenye mkono mzuri na jicho moja bovu, alimwambia asiguse brashi kabla ya kufikisha mwaka. Baada ya miezi mitatu jicho zima nalo likaanza kuchoka, na Velu akawa anaandika huku mzee ameishika ngazi. Hivyo ndivyo alivyopandishwa cheo, na nadhani ni mara ya mwisho mtu kupandishwa cheo hapa kwa sababu anaiweza kazi.

Mji ulikuwa unakua kwa fujo. Kampuni ilijenga nyumba upande wa mashariki ikaamua mitaa yote iitwe kwa majina ya ndege. Mitaa ilikuwa sitini. Ofisa Mipango alikuwa na orodha ya ndege arobaini na mmoja, wawili kati yao wakiwa popo. Velu akaenda kwa mama yake, na jioni moja wagema wastaafu wakakaa barazani wakamtajia ndege kumi na tisa waliokuwa wakiwaona mashambani alfajiri. Ofisa akafurahi, akasaini, vibao vikasimama. Miaka kumi na mmoja baadaye mtaalamu mmoja wa ndege alihamia mjini akagundua kwamba jina la mtaa mmoja, kwa lugha ya wagema, linamtaja ndege huyo kwa kile anachopenda kuwadondoshea watu kichwani. Mtaa huo ndio wenye madaktari wa meno watatu na bei za nyumba za kutisha. Halmashauri ilijadili suala hilo kwa kina, ikaamua kwamba jina lina mvuto wa kihistoria.

Sitasahau bamba la uzinduzi wa bwawa la kuogelea la umma. Uzinduzi uliahirishwa mara tatu kwa sababu bwawa lilikuwa linavuja, na kila ulipoahirishwa mgeni rasmi alikuwa amepata cheo cha heshima kikubwa kuliko cha mara iliyotangulia. Velu alilichonga bamba lilelile mara nne. Siku ya uzinduzi jina la mgeni pamoja na vyeo vyake lilijaza bamba kutoka ukingo hadi ukingo, na neno “bwawa” lilibidi liandikwe chini kwa herufi ndogo. Bwawa lenyewe lilidumu miezi minane. Bamba lipo hadi leo, zuri kabisa, kwenye ukuta wa maegesho ya magari.

Halafu kuna lile la namba nne. Wakazi wa mtaa wa Yakuti 4 walileta maombi kwamba namba hiyo ina mkosi, nyumba haziuziki, watoto wanafeli. Walianza majirani wa Kichina, ambao kwao nne ni namba ya kifo, lakini walipofika mwisho wa mtaa Wamalay na Wahindi nao walikuwa wamesaini, maana bei nzuri ya nyumba haina dini. Kamati ya Majina ilikutana ndani ya siku kumi na moja. Yakuti 4 ikawa Yakuti 3A, na Velu akatengeneza vibao vipya kumi na viwili. Nilimsikia akicheka peke yake nyuma ya ukuta. “Dada Zawiyah,” akaniambia, “hawa wameogopa namba wakapewa herufi. Sisi kosa letu ni kutoogopa kitu.”

Ninaisifu pia tabia yake ya kubeba pimamaji kwenye mfuko wa shati. Hakuweza kupita kibao kilichopinda bila kushuka kwenye pikipiki. Alikinyoosha kibao cha maelekezo kwenye harusi ya binti wa Mkurugenzi, akiwa na suti, wageni wakisubiri nyuma yake na bahasha zao. Alinyoosha mstari mzima wa vibao vya wagombea wa uchaguzi, vyama vyote, kwa haki sawa. Mkewe aliniambia kwamba nyumbani hata picha za miungu zimepimwa.

Sasa nirudi kwenye njia yake, kwa sababu hapo pana mafanikio ya Halmashauri yasiyosimuliwa vya kutosha.

Mtu asiye na anwani hapati kitambulisho, hapati barua ya shule, hapati hata mkopo wa friji. Kwa hiyo watu wa ile safu wakaanza, zamani sana, kutumia anwani ya duka la Chong Fatt, muuza vyakula upande wa pili wa mfereji. Barua zao zilitundikwa kwenye kulabu juu ya pipa la samaki wakavu, na majibu ya mitihani ya watoto yalifika mikononi mwa wazazi yakinuka dagaa. Mambo yalikwenda vizuri hadi sensa ya mwaka 2010, ambapo hesabu ilionyesha kwamba ndani ya duka lenye upana wa futi ishirini wanaishi watu sitini na mmoja.

Ofisi nyingine yoyote ingejiuliza swali. Sisi tuliandika ilani. Naam, Kitengo cha Utekelezaji kilimpelekea Chong Fatt ilani ya msongamano hatarishi wa wakazi, na aliyeichapa ni mimi. Alikuja ofisini na mkewe, ilani mkononi, amevaa fulana yake ya ndani.

“Dada, njoo uwahesabu mwenyewe,” alisema. “Tukilala mimi na huyu, paka anatoka nje.”

“Mfumo unasema sitini na mmoja, anko,” nikamjibu.

“Basi uambie mfumo uje ulale humo, uone kama unatosha.”

Velu alikuja kueleza. Alichora kwenye karatasi mfereji, duka, safu ya vyumba, akaweka alama kwenye kila mlango na majina ya waliomo. Mkuu wangu wa wakati huo aliisifu ile michoro kwa unadhifu wake. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa safu hiyo haimo kwenye ramani, hawezi kuthibitisha kwamba watu hao wanaishi kwingine. Ilani ilifutwa mwaka uliofuata, baada ya Chong Fatt kuapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba haishi na watu sitini na mmoja.

Maombi ya jina yalikuwa manne, na nimeyasoma yote, kwa kuwa faili lake limekaa kwenye kabati langu.

La kwanza, mwaka 1999, liliomba njia iitwe Jalan Dunmarrow, yaani Barabara ya Dunmarrow, kwa kumbukumbu ya shamba. Kamati ilichukua miezi kumi na minne, ikajibu kwamba jina hilo ni la walowezi wa kigeni na haliendani na matarajio ya taifa. Siku hizi mwishoni mwa ile safu yamesimama maghorofa ya kifahari yenye geti, walinzi wawili na bustani juu ya paa, nayo yanaitwa Makazi ya Dunmarrow, kwa herufi za shaba zenye urefu wa mtu. Hayo hayakupata tatizo lolote na matarajio ya taifa.

La pili, mwaka 2006, liliomba Jalan Penoreh, yaani Barabara ya Wagema. Jibu lilikuwa kwamba jina hilo linaashiria umaskini na litashusha hadhi ya majirani. Mtaa wa yule ndege, kama nilivyosema, hadhi yake iko palepale.

La tatu, mwaka 2014, Velu hakulitunga yeye. Watu wa safu walikutana barazani mwa hekalu wakapiga kura ya mikono, na mikono yote ikataka Jalan Pakiam. Nusu ya waliokuwa pale walizaliwa mikononi mwake. Velu aliona haya kumwombea mama yake, wakamlazimisha. Kamati ikajibu kwamba kwa mujibu wa kanuni, barabara haipewi jina la mtu aliye hai.

Bibi Pakiam alikuwa na miaka themanini na moja wakati huo. Alifika hadi kwenye kaunta yangu na fimbo yake, sari ya kijani, ugoro shavuni.

“Mwanangu,” akaniambia, “waulize hao waheshimiwa wanataka nife tarehe ngapi, nisije nikagongana na mkutano wao.”

Tulicheka, yeye na mimi na foleni nzima. Niliiandika kauli hiyo kwenye faili chini ya “maoni ya mwananchi”, na bado ipo.

Jumanne moja ya Agosti 2019, mchana, Bibi Pakiam alianguka jikoni. Velu alikuwa kazini, juu ya ngazi, anabadilisha kibao upande wa mashariki. Mkewe alipiga simu ya dharura. Najua walichosema kwa sababu alinisimulia neno kwa neno, na amewasimulia wengi, kama mtu anayetafuta ni wapi angejibu tofauti.

“Barabara gani, mama?”

“Haina jina. Nyuma ya jengo la maduka, kando ya mfereji.”

“Mama, tulia. Kila barabara ina jina. Soma kibao.”

“Hatuna kibao.”

Gari la wagonjwa lilikuja haraka, hilo hatuwezi kulilaumu. Liliingia jengo la maduka, likapanda hadi ghorofa ya tatu ya maegesho, likaambiwa lichukue tiketi, likashuka, likazunguka Makazi ya Dunmarrow ambako walinzi waliomba namba ya nyumba. Dakika hamsini. Mwishowe Chong Fatt alileta gari lake la mizigo, wakamlaza Bibi Pakiam kati ya magunia ya mchele, na hapo ndipo alipokata roho, kwenye taa nyekundu ya njia panda, chini ya kibao kizuri sana kilichotengenezwa na mwanawe.

Hapa sina mzaha wa kuweka. Nilijaribu, mhariri ni shahidi, nikafuta.

Mwaka uliofuata Velu alileta ombi la nne. Sharti la kifo lilikuwa limetimia. Kamati ilitoa salamu za rambirambi katika aya ya kwanza, na katika aya ya pili ikaeleza kwamba marehemu anayepewa barabara sharti awe na cheo cha heshima cha Dato au kilicho juu yake, ama awe ametoa mchango unaotambuliwa. Bibi Pakiam alikuwa na vyeo viwili, mgema na mkunga. Vyote viwili havikuwa kwenye orodha.

Kwa wiki mbili Velu hakuja kunywa chai. Nyuma ya ukuta nilisikia mashine ya kukatia herufi ikienda kama kawaida: mitaa ya maua awamu ya sita, mzunguko mpya karibu na kituo cha treni, kibao cha maegesho ya Mkurugenzi. Nakiri kwamba nilimkasirikia. Ningekuwa mimi ningevunja kitu. Yeye alikuja siku ya kumi na tano na sukari yake mkononi, akaniuliza kama birika limechemka.

Hayo ndiyo maisha yake ya kazi, na Mkurugenzi katika hotuba yake ya kuaga aliyafupisha vizuri: mtumishi mtiifu, asiyelalamika. Hotuba hiyo ilitolewa Ijumaa. Laiti Mkurugenzi angepita nyuma ya jengo la maduka siku moja kabla, angeongeza sentensi.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho, nilisikia mashine ikikata herufi ilhali hakuna agizo lililopita mezani kwangu. Nikachungulia.

“Kaka Velu, hiyo kazi ya nani?”

“Ya mteja wa zamani,” akasema bila kugeuka. “Bamba na nguzo nimenunua mwenyewe. Risiti iko hapo kwenye msumari, ukitaka kuiona.”

Sikutaka kuiona. Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku, ya kwanza tangu mazishi. Saa nne asubuhi, mbele ya safu nzima, alichimba shimo, akamwaga zege, akasimamisha nguzo, akaweka pimamaji juu yake, akangoja kiputo cha katikati kitulie. Kibao kilisomeka JALAN PAKIAM. Majirani walikivika shada la maua ya manjano, Chong Fatt akaleta kreti ya soda, na mwanamke mmoja akakigusa kwa vidole akavipeleka kwenye macho yake. Velu alirudi kazini saa nane, akapiga kadi, akamaliza kibao cha choo cha walemavu.

Mimi nimekwenda kukikagua, kama kazi yangu inavyodai. Rangi ni yenyewe, urefu wa herufi ni wenyewe, nembo ya Halmashauri iko mahali pake, nguzo imesimama wima kabisa. Katika miaka yangu yote ya kukamata vibao haramu, sijawahi kuona kilicho halali namna ile.

Jumatatu yalifika malalamiko kutoka kwa wasimamizi wa Makazi ya Dunmarrow. Mkurugenzi akaniandikia: kiondolewe ndani ya siku saba.

Amri ya kuondoa kibao siku hizi hutolewa kwa mfumo wa kompyuta, ule ambao tulikwenda kuusomea hotelini siku tatu. Mfumo hautoi amri mpaka uchague barabara kutoka kwenye orodha. Niliandika Jalan Pakiam. Haipo. Niliandika akiba ya mfereji. Hiyo si barabara. Nilimwita Fakhrul, kijana wetu wa kompyuta.

“Weka tu barabara ya jirani, dada,” akasema huku akitafuna.

“Nikiweka ya jirani, vijana watakwenda kung'oa kibao cha jirani, ambacho ni halali.”

“Basi isajili kwanza hii.”

“Ikishasajiliwa ina jina, Fakhrul. Ikiwa na jina, kibao si haramu tena.”

Alitafuna polepole zaidi, kisha akasema ana kikao.

Nikapanda kwa Mkurugenzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

“Kwa hiyo hicho kibao kimesimama wapi?”

“Mahali ambapo hapapo, bosi. Tumelithibitisha hilo mara nne kwa maandishi.”

Ningeweza kuwatuma vijana wawili na spana wakamaliza kazi kwa dakika kumi, bila mfumo wala karatasi. Mambo kama hayo tumeyafanya, na wauza matunda ya doriani wa barabara kuu wanatujua. Sikuwatuma. Kwa miaka kumi na tisa nimezifuata kanuni dhidi ya watu hawa, nikachapa hata ilani ya watu sitini na mmoja kwenye duka la samaki. Nimeona haya, na nimeona hakuna ubaya kuzifuata mara moja kwa faida yao. Siku saba zilipita, rasimu ya amri ikarudishwa na mfumo mezani kwangu ikiwa na maneno “eneo halikupatikana”.

Tangu hapo mambo madogo yanatokea. Vijana wanaopeleka vyakula majumbani kwa pikipiki wamekwisha kuiandika Jalan Pakiam kwenye ramani za simu zao, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtoto wa safu ile ameagiza wali na kuku ukafika ukiwa moto. Dereva wa basi la shule anaita jina hilo kwa sauti. Wiki iliyopita bibi mmoja alipata kizunguzungu, na gari la wagonjwa likafika kwa dakika tisa. Ilikuwa njaa tu, alikuwa amefunga kwa ajili ya hekalu, akakasirika kwamba wamekanyaga ua wake kwa viatu.

Kilichobaki ni usajili, bila huo kijana yeyote mwenye spana anaweza kukiondoa kesho. Nimeichambua fomu ya kusajili njia ya zamani. Kipengele cha cheo cha marehemu hakimo kabisa, hicho ni cha njia mpya, na kumbe kwa miaka ishirini na sita tulikuwa tunampa Velu fomu isiyo yake. Fomu ya njia ya zamani inadai kitu kimoja: ushahidi kwamba jina limetumika, kama anwani ya mkazi anayetajwa kwa jina lake, katika chapisho lolote rasmi la Halmashauri. Hadi asubuhi ya leo chapisho hilo halikuwepo.

Jarida hili ni chapisho rasmi. Hupitishwa na Mkurugenzi, ambaye hutazama picha tu, na safari hii picha yake imechapwa kubwa kuliko ya mstaafu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya kila mtu wa Tebing Jati ambaye mgeni wake aliwahi kufika nyumbani bila kupotea, tunamshukuru Bwana Thangavelu. Tunamtakia afya, usingizi wa asubuhi, wajukuu wasumbufu na chai isiyopoa. Wenzake wanaotaka kumtumia kadi, salamu au picha za sherehe wasiziache tena kwenye kaunta yangu. Wazitume kwa posta, kwa anwani hii:

Bwana Thangavelu Rengasamy,
Namba 9, Jalan Pakiam,
Tebing Jati.